Ni Mahindi Tu

Kinyozi hawezi kujinyoa kisogo. Anaweza kujaribu kwa vioo viwili, mkono umepinda nyuma kama mtu anayejikuna, lakini atakachopata ni aibu ya kutembea nayo mpaka nywele ziote tena. Ndiyo maana kila Jumatatu asubuhi, siku ambayo wateja ni wachache, Ondiek na Kipkirui walinyoana. Kipkirui ndiye aliyekaa kwanza, kwa sababu nywele zake zilikuwa kidogo na hazikuwa na maneno mengi. Kisha walibadilishana. Walifanya hivyo tangu walipofungua kinyozi chao pale Langas, mtaa wa Eldoret, viti viwili, vioo viwili na runinga moja ukutani, na hakuna aliyewahi kuona ajabu kwamba mtu wa upande wa ziwa na mzaliwa wa Uasin Gishu wanapeana visogo na wembe kila wiki.

Ondiek alikuwa mwembamba, mwenye miwani na kelele. Angeweza kumnyoa mtu huku akimsimulia habari za dunia nzima, na mteja atoke hajui kama amelipia nywele au mhadhara. Kipkirui alikuwa mnene na mtulivu, sauti yake nzito kama ya mtu mwenye mafua yasiyopona. Watoto waliletwa kwake. Mtoto akianza kulia kwa kuogopa mlio wa mashine, Kipkirui alimwekea mkono begani na kumwambia polepole, "Ni mashine tu." Mtoto alinyamaza. Ondiek alikuwa amesikia maneno hayo mara nyingi kuliko alivyosikia mahubiri, na kila mara aliyasikia kwa namna ambayo hakuwahi kumweleza mtu pale kinyozini.

Mambo yalianza kuharibika siku ile binti ya Kipkirui, Chebet, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alipomwunganishia babake ile huduma ya kutazama filamu mtandaoni. Tamthilia iliyokuwa midomoni mwa kila mtu wakati huo iliitwa Tamirwa. Ilikuwa siasa tupu: rais, wapinzani, wake za wakubwa, pesa kwenye mabegi. Sehemu mpya ilitolewa kila Ijumaa, na Jumamosi mchana kinyozi kilijaa watu ambao hata nywele za kunyoa hawakuwa nazo.

Shida ya Tamirwa ilikuwa moja. Nchi yenyewe haikuwepo duniani. Walioitunga walikuwa wameogopa kutaja nchi ya kweli, wakabuni nchi, wakabuni na majina. Rais aliitwa Taro Meleku. Sasa Meleku ni wa wapi? Jina halikuwa la ziwani, halikuwa la milimani, halikuwa la popote. Waigizaji walizungumza Kiingereza cha Kiafrika ambacho hakikuwa cha Nairobi wala cha Lagos. Ukimwambia mtu wa Eldoret atazame siasa bila kumwambia nani ni mtu wa nani, ni kama kumpa kadi za kuchezea zisizo na namba. Atazigeuza geuza tu.

Lakini watu hawakukaa na kiu hiyo kwa muda mrefu. Meleku alipoonyeshwa akinywa maziwa kutoka kwenye kibuyu, Kipkirui, ambaye kwa kawaida hasemi, alisema, "Huyo ni wetu. Hiyo ni mursik, hakuna kitu ingine."

"Wenu wapi?" Ondiek alimjibu, mashine ikinguruma kichwani mwa mteja. "Umeona hiyo suti? Umesikia hiyo English? Huyo ametoka kwetu moja kwa moja."

Mabonga, fundi wa viatu wa pale mkabala, alingoja mpaka Meleku alipokaribishwa kwa kuku mzima na mlima wa ugali, naye Meleku akautandika wote bila kuongea. "Mmeona wenyewe," alisema Mabonga. "Sina haja ya kuongeza." Naye Mzee Gathogo, aliyekuja kutoka Yamumbi kunyolewa ndevu, aliapa kwamba mtu anayenunua shamba kabla ya kununua gari hawezi kuwa wa kwingine ila kwao. Walicheka. Zilikuwa Jumamosi nzuri. Ondiek alirudi nyumbani na kumwambia mkewe Akumu kwamba hajawahi kuona rais anayependwa na makabila yote, na ni kwa sababu hayupo.

Kisha Meleku akaiba kura. Aliiba bila haya, masanduku yakabebwa kwa magari ya wagonjwa. Jumamosi hiyo Ondiek alishuhudia jambo lililomchanganya. Watu wote wanne walimkana mtu yule kwa pamoja. Kipkirui akasema kibuyu kile hakikuwa cha mursik, kilikuwa cha mapambo. Mzee Gathogo akasema pua ya Meleku ilikuwa inamtia shaka tangu mwanzo. Mabonga akasema hata ugali ule aliula vibaya. Na Ondiek mwenyewe akajikuta akisema kwamba Kiingereza kile kilikuwa cha kukariri. Meleku akabaki yatima, hana kwao, ametupwa na kinyozi kizima. Walicheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimepungua chumvi.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyecheka.

Ilikuwa sehemu ya vurugu. Barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe na magogo, na vijana wenye fimbo walikuwa wanasimamisha magari. Gari dogo la abiria lilifika. Ndani yake mlikuwa na mama mmoja, wanaume wachache na mzee mwenye kofia. Waliambiwa washuke mmoja mmoja na waongee, waseme neno lolote, ili ijulikane ni wa wapi. Na kwa kuwa nchi ni ya kubuni, hakuna aliyejua hao wanaosimamisha ni kina nani, wala hao walio ndani ni kina nani.

Mteja wa Ondiek alikuwa amenyolewa nusu. Kwenye runinga, mzee mwenye kofia alifungua mdomo na sauti ikakataa kutoka.

"Hivyo ndivyo ilikuwa," Mzee Gathogo alisema kwa sauti ndogo. "Hivyo hivyo. Ule mwaka wa uchaguzi mimi walinishusha na wajukuu."

"Na sisi je?" alisema Mabonga. "Sisi walitusimamisha tukienda mazishi. Na maiti ndani."

Mtu mmoja kwenye benchi, ambaye Ondiek hakumjua, alisema kwamba dadake hakufika. Hakueleza zaidi. Kijana mwingine alisema alikuwa mdogo, alikalia mapaja ya mamake, na mamake alimziba mdomo kwa kiganja mpaka meno yake mwenyewe yakamkata midomo. Kila mmoja alikuwa na lake. Walikuwa watu wa kila upande, wa ziwani na wa mlimani na wa hapa hapa, na kila mmoja, akisimulia, alikuwa ndani ya gari.

Ondiek alisikiliza, na badala ya kupata faraja alichanganyikiwa kabisa. Kila alipohesabu alipata upande mmoja tu wa hadithi. Akazima mashine. Alikuwa na mdomo usiojua kukaa, na mdomo huo ukauliza:

"Ngojeni kwanza. Kama sisi wote tulikuwa kwa gari, nani alikuwa barabarani?"

Watu walirudisha macho kwenye runinga. Ondiek aliinua macho, na kwenye kioo kilichokuwa mbele ya kiti cha pili aliuona uso wa Kipkirui. Hakuwa anatazama runinga. Alikuwa anatazama mikono yake. Kisha alimfungua mteja wake kitambaa ingawa kazi ilikuwa haijaisha, akachukua koti, akatoka.

Sasa lazima jambo lisemwe ambalo Ondiek hakuwa amelisema kwa mtu yeyote ila mkewe.

Wakati wa zile vurugu za baada ya uchaguzi, yeye na Kipkirui walikuwa vijana walioajiriwa katika kinyozi kimoja mjini. Akumu alikuwa tayari ametangulia kwao na mtoto wao, Lorraine. Ondiek alibaki, akidhani mambo yatatulia, na yalipokataa kutulia alitoka Eldoret chini ya magunia ya mahindi, kwenye lori la dereva mmoja mwenye huruma aliyekuwa akielekea Webuye. Alilala katikati ya magunia, mengine juu yake, vumbi la mahindi likimjaa puani. Kabla ya kufika Turbo lori lilisimamishwa. Alisikia watu wengi. Alisikia dereva akiulizwa amebeba nini. Alisikia fimbo ikichoma gunia karibu na sikio lake, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha sauti moja, nzito, kama ya mtu mwenye mafua, ikasema, "Ni mahindi tu. Wacheni ipite."

Lori likapita.

Aliporudi miezi baadaye, Kipkirui alimpokea kinyozini na kumkabidhi mashine zake za kunyolea, zimefungwa kwa kitambaa safi. "Nimekuwa nikizipaka mafuta," alisema. Ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote kuhusu mambo yale. Hawakuulizana ulikuwa wapi, ulifanya nini. Eldoret nzima ilikuwa inaishi hivyo, watu wakiazimana chumvi na kukwepana macho, na baadaye hata macho wakaacha kukwepana. Walifungua kinyozi chao wenyewe. Watoto walizaliwa, wakakua. Na kila mara Kipkirui aliposema "Ni mashine tu," Ondiek aliisikia tena ile sauti ya barabarani.

Alikuwa ameipiga hesabu ya sauti hiyo mara nyingi na haikuwahi kutoka sawa. Kama sauti ile ilikuwa ya Kipkirui, basi Kipkirui alimwokoa maisha. Lakini kama ilikuwa ya Kipkirui, basi Kipkirui alikuwa pale barabarani, na fimbo mkononi. Huwezi kuchukua nusu na kuacha nusu. Na kama haikuwa yake, basi rafiki yake ni mtu safi, na mtu asiyemjua ndiye aliyemfanya awe hai. Ondiek hakujua amwombee lipi. Kwa miaka hiyo yote alimshika shingo Kipkirui kila Jumatatu, na kila Jumatatu alimpa yake, bila kujua kama anamshukuru au anamsamehe au anamwogopa.

Jumatatu iliyofuata Kipkirui hakuja.

Ondiek alifungua peke yake. Runinga hakuiwasha. Mabonga, aliyezoea kuvuka barabara kwa salamu, alipiga viatu vyake misumari ameangalia chini. Wateja wachache waliokuja walikaa kwenye benchi kama watu walio zahanati. Waliokuwa wa Kipkirui walichungulia, wakaona kiti kitupu, wakaenda zao. Ondiek alijaribu kusimulia habari za dunia, lakini dunia yenyewe ilikuwa imemwishia maneno. Alijilaumu. Nani alimtuma kuuliza? Watu walikuwa wamekubaliana kimya kimya kwamba wote walikuwa abiria, na mpangilio huo ulikuwa umewalea vizuri.

Kufikia mwisho wa wiki kisogo chake kilikuwa kimeota. Vinywele vilikuwa vimeanza kuchomoza shingoni, juu ya kola.

"Wewe ni kinyozi ama ni tangazo la kinyozi kingine?" Akumu alimwuliza akimpakulia chakula. "Leta makasi nikukate mimi."

"Wacha."

"Ama enda tu mjini, ulipe kama watu wengine."

"Nimesema wacha, mama."

Akumu akamtazama. Yeye ndiye pekee aliyejua habari za lori. "Baba Lorraine," alisema, "hiyo kichwa utaipeleka kwake siku moja. Si afadhali uulize ukiwa na sababu ya kukaa kwa kiti chake?"

Ondiek hakulala vizuri. Alitaka kuuliza, na aliogopa kujibiwa. Akijibiwa ndiyo, atampoteza rafiki. Akijibiwa hapana, atampoteza aliyemwokoa. Yalikuwa mambo ya ajabu, mtu wa makamo kulala akiogopa majibu yote mawili.

Jumatatu nyingine, Ondiek alipokuwa anafagia, Kipkirui aliingia. Alikuwa amekonda kidogo usoni, au labda ni ndevu. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha kwanza, akakaa, akajifunga kitambaa mwenyewe shingoni, akainamisha kichwa.

Ondiek akaweka ufagio. Akawasha mashine, akapitisha. Nywele kidogo zikaanguka. Akazima mashine, akapaka spiriti, akachukua wembe mpya kusafisha shingo. Wembe ulikuwa umeshagusa ngozi Kipkirui aliposema:

"Ile swali uliuliza. Mimi nilikuwa kwa barabara."

Mkono wa Ondiek ukasimama. Aliuona mshipa wa shingo ya rafiki yake ukipiga chini ya wembe, akaona jinsi ngozi ilivyo nyembamba pale, akaogopa mkono wake mwenyewe. Akauondoa wembe, akauweka mezani.

"Endelea," Kipkirui alisema. "Usiwache."

"Ongea kwanza."

Kipkirui aliongea akiwa ameinama, kitambaa kimemfunika, hawezi kuona chochote ila nywele zake sakafuni. "Walikuja kwa boma. Wakasema kila nyumba itoe mtu. Baba alikuwa mgonjwa, nikatoka mimi. Nilienda siku mbili. Walinipatia fimbo. Sikupiga mtu. Lakini nisikudanganye. Kuna watu walishushwa, na mimi nikasimama tu. Nilisimama nikaangalia."

Ondiek alikaa kwenye benchi. Alihisi hasira, na alihisi haya kwa ile hasira, kwa sababu mtu aliyekuwa amemkasirikia alikuwa ndiye pekee katika Langas nzima aliyejibu swali.

"Hapo karibu na Turbo?" aliuliza.

"Hapo."

"Mimi nilipita hapo," Ondiek alisema. "Kwa lori ya mahindi. Nilikuwa chini ya magunia."

Kichwa cha Kipkirui kiliinuka. Macho yao yakakutana kwenye kioo.

"Walichoma gunia na fimbo," Ondiek aliendelea. "Halafu kuna mtu alisema, ni mahindi tu, wacheni ipite. Huyo mtu alikuwa na sauti kama yako. Nimekaa na hiyo sauti miaka yote hii, Baba Chebet. Nataka kujua. Ilikuwa ni wewe?"

Kipkirui alionekana kama mtu anayetafuta kitu ndani ya nyumba yenye giza.

"Nilisema hivyo," alijibu hatimaye. "Kwa malori mengi. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nataka kuenda nyumbani. Kila lori ya mahindi ikikuja nilikuwa nasema, ni mahindi tu, wacheni ipite."

"Ulijua kuna watu ndani?"

"Hapana. Nilijua ni mahindi."

Kwa miaka yote hiyo Ondiek alikuwa amewajenga wanaume wawili, mmoja muuaji, mwingine mwokozi, na kila Jumatatu aliwaza ni yupi kati yao aliyekalia kiti. Sasa aliambiwa ni wa tatu. Ni mtu aliyechoka, anayetaka kurudi kwao. Yeye mwenyewe alikuwa hai kwa sababu ya uchovu wa mtu mwingine. Hakujua aliweke wapi jambo hilo.

"Na kama ungejua?" aliuliza. "Kama ungejua hapo chini ni mimi, ungesema nini?"

Kipkirui alimtazama kwenye kioo na macho yake yakajaa maji. Hakuyafuta, mikono yake ilikuwa chini ya kitambaa.

"Ningesema hivyo tu," alisema. "Lakini sauti ingenikataa. Kama ule mzee wa kofia. Wangesikia kuna kitu. Wangefungua hayo magunia." Akavuta pumzi. "Nashukuru Mungu sikujua. Hiyo ndiyo inanisumbua, Baba Lorraine. Hata kushukuru, nashukuru kitu kibaya."

Nje, Mabonga alikuwa ameanza kugonga misumari. Ondiek aliinuka. Aliuchukua wembe, akamshika Kipkirui kichwa kwa vidole viwili kama alivyozoea, akamaliza shingo, mstari mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Akapaka spiriti, akapaka poda, akapangusa nywele mabegani. Akafungua kitambaa na kukikung'uta mlangoni.

Kipkirui alisimama kando ya kiti, mikono imening'inia. Hakumwambia Ondiek akae. Aligeuka kidogo kuelekea mlango, kama mgeni anayengoja kuruhusiwa aondoke.

Ondiek alikitazama kile kiti. Alijua kwamba hajasamehe, kwa sababu hakujua kama ni kwake kusamehe. Wale walioshushwa hawakuwa wamemtuma. Alijua pia kwamba hajui ashukuru nini. Alichojua kwa hakika ni kwamba kisogo kilikuwa kimemchosha, na kwamba katika mji huu wenye vinyozi kila kona hakuwa na mkono mwingine wa kuupa shingo yake. Akavua miwani, akaiweka mezani karibu na wembe. Akakaa.

Kitambaa kikamzunguka. Bila miwani kioo kilikuwa ukungu mtupu, akauona uso wa rafiki yake kama doa tu juu ya kichwa chake. Mashine ikawashwa. Mlio ulipofika karibu na sikio, mahali pale pale fimbo ilipopita, mabega ya Ondiek yalipanda yenyewe, na hakuweza kuyashusha.

Mkono mzito ukatua begani.

"Ni mashine tu," Kipkirui alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Ondiek akainamisha kichwa.